Kicho na Hofu: Wachoraji wa Ulaya Mbele ya Nguvu za Maumbile

Somo letu safari hii ni juu ya picha. Si picha za watakatifu wala za matukio ya Biblia tulizozoea kuziona ukutani kanisani, bali picha za milima, bahari, ukungu na dhoruba, zilizochorwa Ulaya kati ya mwaka 1800 na 1850 hivi na watu ambao historia huwaita Waromantiki. Jina hilo lisimpotoshe mtu akadhani ni mambo ya mapenzi ya vijana. Waromantiki walikuwa waandishi, wanamuziki na wachoraji waliosema kwamba akili ya kupima na kuhesabu peke yake haitoshi kumweleza binadamu yeye ni nani. Na wengi wao wakaenda kutafuta jibu mlimani na baharini.

Nimechagua wawili, maana walizaliwa karibu wakati mmoja na dunia imetoka kuwakumbuka juzijuzi tu. Mjerumani Caspar David Friedrich alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774, na Mwingereza Joseph Mallord William Turner alizaliwa tarehe 23 Aprili 1775. Ilipotimia miaka 250 ya kila mmoja, mwaka 2024 na 2025, majumba makubwa ya sanaa yaliandaa maonyesho ya kazi zao.

Kabla hatujazitazama picha zenyewe, tuelewane juu ya neno moja. Kiswahili chetu kina hofu, na kina kicho. Mtu akikutana na chatu njiani hupatwa na hofu, na miguu yake humwambia la kufanya. Lakini mtu akisimama usiku ufukoni, maji makuu yakivuma mbele yake na mbingu isiyo na mwisho juu yake, akajisikia mdogo kama punje ya mtama na bado hataki kuondoka, hicho ni kicho. Ndicho kilichomo katika kumcha Mungu. Wazungu wa karne ya kumi na nane walihangaika sana kulitafutia jambo hili maneno. Sisi tulikuwa nalo siku zote midomoni mwetu, ila pengine hatulifikirii.

Aliyeliandikia kitabu kilichosomwa sana ni Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, mwaka 1757, akiwa bado kijana. Burke alisema kwamba vitu vizuri, laini, vya kupendeza ni aina moja. Lakini vitu vikubwa mno, vyenye giza, nguvu na hatari, vina mvuto wa namna nyingine kabisa. Akaongeza sharti moja, nami naomba msomaji alishike maana tutalirudia: hatari ikikukaribia mno ni kitisho tu, haina utamu wowote. Ili dhoruba ikupe furaha ile ya ajabu, ni lazima uwe umesimama mahali salama, mbali kidogo. Mwenye kuitazama tufani kutoka dirishani hupata kitu ambacho baharia aliye ndani yake hakipati.

Basi swali letu katika kila picha ni hili: aliyeichora ametusimamisha wapi?

Inafaa kujua pia kwamba wakati ule picha za mandhari hazikuwa na heshima kubwa. Katika vyuo vya sanaa vya Ulaya kazi zilipangwa kwa ngazi, kama madarasa ya shule. Ngazi ya juu kabisa ilikuwa picha za Biblia, za wafalme na za vita vya kale. Mandhari yalikuwa chini huko, karibu na picha za bakuli za matunda. Mlima uliruhusiwa kuwa nyuma ya mtakatifu, kama pazia nyuma ya mwigizaji. Wachoraji hawa wawili waliliondoa pazia nyuma na kulileta mbele, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Friedrich alizaliwa Greifswald, mji mdogo kando ya Bahari ya Baltiki ambao siku hizo ulikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Baba yake alitengeneza mishumaa na sabuni, na nyumba yao ilikuwa ya Kilutheri, ya watu wa kusali. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Mwaka 1787 ndugu yake alizama baada ya barafu kupasuka chini yao. Caspar alikuwa na miaka kumi na tatu. Alisoma sanaa Copenhagen, akahamia Dresden mwaka 1798, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1840. Rafiki yake mmoja alimchora akiwa kazini: chumba kitupu, kuta tupu, dirisha limezibwa nusu, yeye na picha yake tu. Hakutaka hata kikombe mezani kimpotezee mawazo.

Mnamo Krismasi ya mwaka 1808 Friedrich alifungua chumba hicho ili watu waje kuona kazi mpya. Alikuwa ameiweka juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheusi, na mwanga wa dirisha ameupunguza, ili wageni waingie kama watu waingiao kanisani. Walichokiona kilikuwa kilele cha mlima wa mawe chenye misonobari, na juu yake msalaba mwembamba wenye sanamu ya Kristo. Lakini Kristo hakuwaelekea wao. Aliligeukia jua linalozama nyuma ya mlima, ambalo halionekani, ila miali yake inapanda angani kwenye mawingu mekundu. Mmea mtambaazi umeuzungukia mti wa msalaba. Hakuna mtu, hakuna malaika, hakuna Mariamu wala Yohana. Huku chini mlima ni giza. Fremu tu, iliyochongwa kwa maelekezo ya Friedrich mwenyewe, ndiyo yenye ishara za kanisa: ngano na zabibu, jicho ndani ya pembetatu, na vichwa vidogo vya malaika. Picha hii iko Dresden hadi leo, nayo huitwa Altare ya Tetschen, kwa jina la ngome ya mtawala aliyeinunua, katika nchi ambayo sasa ni Ucheki.

Wako waliotoka mle chumbani wakinong'ona. Na yuko mmoja aliyetoka amekasirika. Basilius von Ramdohr, mwanasheria na mwandishi wa mambo ya sanaa, alichapisha gazetini mwezi Januari 1809 makala ndefu ya kulalamika. Malalamiko yake yalikuwa ya namna mbili, nami nasema tusiyacheke upesi kama wanavyofanya waandishi wengi wa siku hizi.

La kwanza lilikuwa la ufundi. Ramdohr aliuliza: mchoraji alisimama wapi alipouona mlima huu? Si bondeni, maana kilele kiko usawa wa macho. Si juu ya mlima mwingine, maana mbele yetu hakuna ardhi. Mtazamaji anaelea hewani. Alikuwa sahihi kabisa, ndivyo picha ilivyo! Ila alichokiona kuwa kosa ndicho Friedrich alichokikusudia. Aliwaondolea watazamaji wake ile sakafu salama ya Burke.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ramdohr aliona ni ufidhuli mandhari kutaka kujipenyeza kanisani na kupanda madhabahuni. Ikiwa mtu anaweza kupiga magoti mbele ya misonobari na mawingu, akapata hisia tamu ya dini bila neno lolote, bila tendo lolote, bila kufundishwa chochote, je, hiyo ni imani au ni mvuke wa moyo tu? Alihofu kwamba watu watachukua msisimko wa macho na kuuita sala.

Mimi naona swali hilo ni halali, na kila Mkristo apendaye kwenda milimani kuomba angelijiuliza. Katika 1 Wafalme sura ya 19 Eliya alipewa upepo wa kupasua milima, na tetemeko, na moto, naye Bwana hakuwamo katika hayo. Msomaji anakumbuka lililofuata. Maumbile yana nguvu, lakini nguvu peke yake haisemi ni ya nani. Tena hata pepo wa uongo wana kelele.

Hata hivyo Friedrich alijibu, kwa maandishi, jambo ambalo alikuwa halipendi. Alieleza kwamba mwamba ni imani isiyotikisika, misonobari isiyopoteza majani ni tumaini la watu kwa Kristo, na jua linalozama ni wakati wa zamani ambapo Mungu alitembea duniani waziwazi. Kristo juu ya msalaba huupokea mwanga wa jua hilo tusiloliona na kutuletea sisi tulioko gizani. Kwa maneno mengine, hakuwa ameuabudu mlima. Alikuwa amechora hali ya kukaa upande wa giza na kumwona mwingine akiuona mwanga. Ukiyasoma maelezo hayo kisha ukaitazama picha tena, utaona kwamba ni mahubiri ya kiasi sana. Haimwahidi mtu kumwona Mungu akipanda kilimani. Inamwahidi msalaba tu, tena kwa nyuma.

Mwisho wa habari una kichekesho kidogo. Picha iliyozua vita vya magazeti juu ya madhabahu haikuwekwa madhabahuni kamwe. Wenye ngome waliitundika katika chumba cha kulala.

Mwaka 1810 Friedrich alipeleka Berlin picha nyingine, naye mfalme wa Prusia akainunua. Inaitwa Mtawa Kando ya Bahari. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha niliwahi kuwaonyesha wanafunzi nakala yake kutoka kitabuni, na jibu la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, mbona hawajaimaliza?" Naam, inaonekana hivyo. Kuna ukanda wa mchanga mweupe chini, ukanda mwembamba wa bahari nyeusi, na yote yaliyobaki, yaani sehemu kubwa mno ya picha, ni anga. Mtawa amesimama mchangani, mdogo kama msumari, ametupa mgongo. Hakuna mti kando wa kuegemeza jicho. Hakuna njia ya kuingilia.

Watu wa wakati wake walishangaa vilevile. Mke wa mchoraji mmoja rafiki yake aliiona bado ikichorwa, akalalamika katika barua kwamba hakuna mashua wala jahazi, hata joka la bahari hakuna la kumpa mtu uhai. Na hapa sayansi ya siku zetu imetusaidia. Picha ilipochunguzwa kwa mionzi ionayo chini ya rangi, ilionekana kwamba Friedrich kweli alikuwa amechora meli mwanzoni, kisha akazifuta. Alizijua meli, alizaliwa bandarini. Aliziondoa kwa makusudi, moja baada ya nyingine, mpaka mtawa akabaki hana kitu cha kutazama isipokuwa ukubwa wenyewe. Mwandishi Heinrich von Kleist aliifananisha hali ya mtazamaji na ile ya mtu aliyekatwa kope, asiyeweza kufumba macho. Ni mfano mkali, lakini haukukosea.

Angalieni tofauti. Burke alitaka tuwe dirishani. Friedrich ametutoa nje ya nyumba, akatuweka mchangani nyuma ya mtawa, na bahari inaanza hatua chache mbele. Tufani haijaja bado. Hicho ndicho kicho kama kilivyo: hakuna kinachokufukuza, na bado unatetemeka.

Juu ya picha yake ya baadaye, Bahari ya Barafu ya mwaka 1823 na 1824, nitasema kwa kifupi tu. Imechorwa kama rundo la mapande ya barafu yaliyopandiana juu kama paa lililovunjika, na kando, ukitafuta sana, unaona ubavu wa meli iliyosagwa. Friedrich hakupata kufika bahari za kaskazini. Alijifunza barafu kwa kuitazama ile ya mto Elbe wakati wa baridi kali ya mwaka 1820 na 1821, mto ulipoganda karibu na nyumbani, wakati magazeti yakieleza safari ya Mwingereza William Parry aliyekuwa akitafuta njia ya meli kaskazini ya Amerika. Wengine huihusisha na ndugu yake aliyezama. Huenda, mtu hachagui anachokikumbuka akishika brashi. Alipofariki picha hiyo ilikuwa bado haijapata mnunuzi. Leo ni fahari ya jumba la sanaa la Hamburg.

Wapo pia waliofanya biashara ya kutisha. Mwingereza John Martin, aliyefariki mwaka 1854, alichora Siku Kuu ya Hasira Yake, kutoka Ufunuo sura ya 6: miji mizima inapinduliwa kama chungu, milima inagonganishwa, watu wanaporomoka shimoni. Baada ya kifo chake picha hiyo na nyingine mbili za Hukumu zilizungushwa mji hadi mji, na watu wakalipa kuingia. Sina ugomvi na ustadi wake. Lakini ni hofu tupu, tena hofu ya kununua tiketi. Ukitoka nje unakwenda kunywa chai.

Sasa Turner. Huyu alikuwa mtu wa namna nyingine: mwana wa kinyozi wa London, mfupi, mchapa kazi, mpenda fedha, msafiri asiyechoka. Amezikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, na tangu mwaka 2020 sura yake iko katika noti ya paundi 20 ya Uingereza. Friedrich alipunguza na kufuta, Turner alikoroga. Anga, maji, moshi na mwanga katika picha zake huzunguka pamoja kama uji unaosongwa, hata mtu asijue bahari inaishia wapi.

Mwaka 1812 alionyesha picha ya Hannibal na jeshi lake wakivuka milima ya Alpi. Hannibal alikuwa jemadari wa Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, ilipo Tunisia ya leo, naye aliwavusha askari na tembo milimani mwaka 218 kabla ya Kristo ili kuipiga Roma. Miaka michache nyuma Mfaransa Jacques-Louis David alikuwa amemchora Napoleon akivuka milima hiyohiyo: farasi amesimama kwa miguu miwili, joho linapepea, na mwambani limechongwa jina lake pamoja na la Hannibal. Turner yeye alifanyaje? Alichora dhoruba ya theluji kama wimbi jeusi linalotaka kuufunika mlima, na jua la manjano lililofifia. Askari wako chini kabisa, wamejikunyata, wengine wanaporwa na wenyeji. Hannibal mwenyewe humpati. Tembo yuko, mbali kule, kadogo kama mdudu. Inasimuliwa kwamba dhoruba hiyo Turner aliiona Yorkshire, nyumbani kwa rafiki, akaichora upesi nyuma ya barua.

Lakini picha iliyonifanya niandike somo hili ni ile ya mwaka 1840. Jina lake refu, kwa Kiswahili, ni Wafanya Biashara ya Watumwa Wakiwatupa Majini Wafu na Wanaokufa, Tufani Inakuja. Watu huiita Meli ya Watumwa. Upana wake ni sentimita 122 hivi na kimo sentimita 91, wala si kubwa. Katikati jua linazama kama jeraha, mwanga wake umeshuka wima mpaka majini. Anga ni nyekundu, zambarau na dhahabu. Kushoto, mbali, meli inaingia katika povu la tufani. Kwa mtazamo wa kwanza ni picha tukufu ya nguvu za bahari. Kisha jicho linashuka pembe ya kulia, chini, mbele kabisa, likakuta mguu. Ni mguu wa mtu mweusi unaotoka majini, una mnyororo. Samaki wameukusanyikia, ndege wa baharini wamekuja. Kando yake mikono inatokeza kati ya mawimbi, na pingu za chuma juu ya maji, ambapo chuma hakiwezi kuelea. Wengi waliicheka picha hii London mwaka ule.

Wataalamu wengi huamini kwamba nyuma yake kuna habari ya meli Zong. Meli hiyo, ya wafanya biashara wa Liverpool, ilitoka pwani ya Afrika ya Magharibi mwaka 1781 ikiwa imepakia watu 442, idadi kubwa kuliko ilivyoweza kubeba. Iliikosa Jamaika kwa makosa ya uongozaji. Kuanzia tarehe 29 Novemba mabaharia waliwatupa baharini, kwa mafungu, Waafrika zaidi ya 120, wakidai maji ya kunywa yanakwisha. Waliokufa kwa maradhi bima haikuwalipia. Waliotupwa kama shehena ya kuokoa chombo iliweza kulipiwa, paundi 30 kwa kila kichwa. Wenye meli wakadai fedha hizo mahakamani, na mwaka 1783 baraza la kwanza liliwapa haki. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa naye akajinunua, alimpelekea habari Granville Sharp, aliyekuwa akiwatetea watumwa. Majaji wakuu wakaamuru kesi isikilizwe upya. Lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua. Mahakama ilikuwa imeitwa kuamua juu ya bima.

Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa mengi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 33 baada ya picha ya Turner, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa pale pale lilipokuwa.

Wahubiri wengi husema kwamba katika picha hii bahari ni hakimu: tufani inakuja kuiadhibu meli. Inawezekana, Turner mwenyewe aliiambatanisha na mashairi yake aliyoyaandika kuhusu matumaini ya uongo ya biashara. Na lile neno lake la Kiingereza ni ndugu wa tufani yetu, ambalo Waswahili wa zamani walilitumia hata kwa gharika ya Nuhu. Mimi nasita. Itazameni vizuri: bahari inameza aliyefungwa kabla ya kuifikia meli. Mguu uko katika maji mbele, meli bado iko mbali, haijazama. Ikiwa maumbile ni hakimu, basi ni hakimu anayemwadhibu mshitaki kwanza. Turner, nadhani, alijua kwamba bahari haina haki ndani yake. Nguvu inayo, na uzuri inao, wa kutisha. Haki iliachwa mikononi mwa waliokuwa juu ya sitaha, na wa mahakamani, na wa kwenye maonyesho.

Hapo ndipo swali letu la kusimama linapouma. Mwaka 1843 kijana John Ruskin, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa sanaa katika Uingereza, aliisifu picha hii kuliko zote za Turner. Alieleza mawimbi, mwanga, na rangi ya damu majini kwa kurasa ambazo Waingereza walizisoma kama sala. Kwamba meli ni ya watumwa, na kwamba maji ya karibu yamejaa maiti, alikuweka katika maelezo mafupi chini ya ukurasa. Mwaka uliofuata baba yake alimpa picha yenyewe kuwa zawadi ya mwaka mpya. Alikaa nayo nyumbani karibu miaka thelathini, mwisho akaiuza, na yasemekana alikuwa ameona maudhui yake yanaumiza mno kuyatazama kila siku. Tangu mwaka 1899 iko Boston.

Turner naye hakuwa amesimama mahali safi. Mwaka 1805 aliweka paundi 100 katika mradi wa shamba la mifugo Jamaika, lililofanyiwa kazi na watumwa, akitumaini faida. Miaka thelathini na mitano baadaye alichora mguu ule. Kati ya hapo Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kuwaacha huru walio katika makoloni. Kama picha ni toba yake, hakuiandika popote. Ameacha rangi tu.

Walimu na viongozi wa vikundi watakaotaka kulitumia somo hili, watafute nakala ya picha hiyo. Vijana wenye simu wataipata upesi. Wapeni watu dakika mbili za kuitazama kimya. Kwanza funikeni kwa karatasi pembe ya kulia ya chini, mkawaulize wanaona nini na wanajisikiaje. Wengi watasema jua, utukufu, ukuu wa Muumba. Waacheni waseme yote. Kisha ondoeni karatasi.